Saa ya Januari, kahawa ya Julai: kisa cha ujumbe uliopotea kwenye BBS ya chama cha msingi, Moshi

Msimu ulipofunguliwa Julai, wiki tatu zilipita bila hata ujumbe mmoja wa kituo cha juu kuonekana ofisi ya mjini. Hakuna aliyeshtuka. Kahawa ya ukanda wa juu wa Kilimanjaro huiva baada ya ile ya chini, kwa hiyo ukimya wa kituo cha juu ulichukuliwa kuwa wa kawaida: bado hawajaanza kupokea. Wakati huo karani wa huko alikuwa anaandika mapokezi ya kahawa kila jioni, ujumbe wake unaonekana vizuri kwenye simu yake, na flashi inateremka mjini kila Alhamisi.

Kisa hiki ni cha BBS, yaani ubao wa ujumbe wa kompyuta, ya chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kwenye miteremko ya juu ya mji wa Moshi. Tunakichambua kwa urefu kwa sababu ugonjwa wake ni wa saa, na tiba ya saa isipofuata mpangilio hufuta kile unachotaka kuokoa.

Mfumo una visanduku vitatu, kila kimoja kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye programu ya BBS iitwayo Synchronet. Kimoja kipo ofisi ya mjini, kimoja kituo cha kati, kimoja kituo cha juu. Kila kisanduku kinatoa Wi-Fi yake, na mtu anasoma ubao kwa simu yoyote kupitia anwani ya 192.168.4.1 bila bando. (Simu nyingi za Android zikiona Wi-Fi haina intaneti huhamia data zenyewe na ukurasa ukagoma kufunguka, simu ikiuliza iendelee na mtandao huu au la, mtumiaji akubali kuendelea.) Synchronet ilichaguliwa kwa sababu seva ya wavuti, ya telnet, ubao wa ujumbe na usafirishaji wa Fido vyote vimo ndani ya programu moja, na chanzo chake kiko wazi. Mystic, programu nyingine ya BBS, nayo inafanya kazi kwenye Raspberry Pi na ni nyepesi, lakini chanzo chake kimefungwa. ENiGMA½, ya tatu, ni nzuri kwa macho, ila inakuja na mzigo wa Node.js (mazingira ya kuendeshea JavaScript), na fundi anayepanda mlimani mara moja kwa mwezi hahitaji mzigo huo. Kwa kazi hii Synchronet ilikuwa chaguo sahihi, na hitilafu ya saa tunayoieleza ingeweza kuzitesa zote tatu.

Usafirishaji unafuata teknolojia ya FidoNet, mtandao ulioanzishwa na Tom Jennings mwaka 1984, miaka sita baada ya Ward Christensen na Randy Suess kuwasha BBS ya kwanza kule Chicago. Wazo lake ni rahisi na linafaa sana mahali penye mawasiliano ya kubahatisha: ujumbe unafungwa kwenye faili, faili linakaa likisubiri, likipata njia linasafiri. Zamani njia ilikuwa simu ya mezani usiku wa manane, wakati wa bei nafuu. Hapa kituo cha kati kinatumia modemu ya mtandao wa simu na itifaki ya BinkP, mlango 24554. Kituo cha juu kipo ndani ya korongo, mtandao haushiki, kwa hiyo njia yake ni flashi mfukoni mwa dereva wa boda. Anwani (kanda:mtandao/kituo) ni za mtandao binafsi: mjini 55:1/1, kituo cha juu 55:1/2, kituo cha kati 55:1/3. Kanda namba 1 hadi 6 ni za FidoNet yenyewe, Afrika ilikuwa 5, na mtandao binafsi usizivamie.

Dalili ya kwanza iliyoripotiwa haikutoka mjini, ilitoka juu: tangazo la bei lililoandikwa ofisini halikufika. Hapo ndipo uchunguzi ulianzia, na ukakuta kosa la kweli, ila siyo lile kubwa.

SBBSecho, sehemu ya Synchronet inayofunga na kufungua paketi, hulipa jina furushi (faili lililobana paketi pamoja) la kwenda kwa jirani kwa kutoa namba ya mpokeaji kwenye namba ya mtumaji, kisha hubandika siku ya juma kama kiambishi. Kutoka 1/1 kwenda 1/2 tofauti ni hasi moja, inayoandikwa `ffff` kwa heksadesimali, kwa hiyo jina ni `0000ffff`, na likifungwa Alhamisi linakuwa `0000ffff.th0`. Mjini mafurushi yalifungwa kwa mkono kila Alhamisi kabla boda hajaondoka. Maana yake kila wiki jina ni lile lile. Programu ikikuta `.th0` bado ipo kwenye folda ya kutokea itakwenda `.th1`, lakini hapa faili lilikuwa linahamishiwa kwenye flashi, folda inabaki tupu, na jina linakuwa huru tena. Wiki ambayo boda hakupanda, au karani hakuingiza flashi, furushi la zamani lilikuwa bado kwenye flashi, na amri ya kunakili, `cp`, ikaandika juu yake kimyakimya.

Ndiyo maana programu za BinkP na zilizozitangulia zina alama mbili kwenye faili la mtiririko, yaani orodha ya mafaili yanayosubiri kutumwa: `^` ikimaanisha futa baada ya kutuma, na `#` ikimaanisha punguza hadi baiti sifuri lakini acha jina lilipo. Waliobuni alama ya pili walikuwa wanakwepa mgongano huu huu wa majina. Ukibeba mafaili kwa mkono, ulinzi huo unaupita pembeni, na ni juu yako kuurudisha.

Dawa ilikuwa hati fupi inayoweka kila safari kwenye folda yake yenye namba ya mfululizo, `0001`, `0002` na kuendelea, namba ikisomwa kwenye faili la hesabu badala ya saa. Nakala inafanywa kwa `cp -n` ili isiandike juu ya kitu, inafuata `sha256sum` ya kuhakiki nakala, kisha `sync`, kisha `umount` ya kuiachia flashi. Flashi ikichomolewa kabla ya `umount`, mara nyingi utakuta juu jina la faili lipo na ukubwa ni sifuri. Upande wa kupokea, folda moja inamiminwa kwenye `/sbbs/fido/inbound`, `sbbsecho` inaendeshwa, ndipo folda inayofuata, kwa sababu majina ya ndani yanafanana. Majina yawe kwa herufi ndogo: flashi ya FAT haitofautishi herufi kubwa na ndogo, Linux inatofautisha. Na flashi hiyo isichomekwe kwenye kompyuta ya Windows ya ofisini kwa sababu yoyote. Virusi vya shortcut vikiingia huficha mafaili na kuacha vivuli, na siku nzima inaishia hapo.

Baada ya marekebisho hayo matangazo ya mjini yakaanza kufika juu. Wengi wangefunga jalada hapo. Lakini katibu aliposhika vitabu vya stakabadhi na kulinganisha na eneo la mapokezi (sehemu ya ubao yenye mada hiyo) kwenye ubao wa mjini, kituo cha juu kilikuwa bado ni sifuri, na vitabu vilionyesha kilo zimeingia tangu wiki ya pili ya Julai.

Furushi la kutoka juu lilikuwepo kwenye flashi, likiwa zima. Lilifunguliwa kando kwa `unzip 00000001.su0 -d /tmp/kagua`, na paketi ya ndani ikasomwa kwa `pktdump`, kifaa kidogo kinachokuja na Synchronet ambacho wasimamizi wengi hawakitumii kabisa. Jumbe zote zilikuwemo, kilo, namba za stakabadhi, kila kitu. Tarehe zake: Januari. Tukio lenyewe lilikuwa wazi kwenye `/sbbs/data/sbbsecho.log` ya mjini, mstari kwa mstari, kila ujumbe ukitupwa kwa sababu ya umri. SBBSecho ina kikomo cha umri wa ujumbe wa eneo unaoingizwa, kawaida siku 60. Kikomo hicho kina maana yake: kwenye mtandao wa kupokezana, paketi ya zamani ikirudi kwa bahati mbaya inaweza kumwaga upya jumbe ambazo alama zake za kuzuia marudio zimeshafutwa, na zikazunguka tena kwa kila mtu. Basi programu ilifanya kazi yake. Iliambiwa ujumbe ni wa Januari, nayo ikaamini.

Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Ikizimwa, haijui muda umekwenda. Mfumo wake unatumia `fake-hwclock`, inayoandika muda kwenye faili kila saa na wakati wa kuzima, kisha inausoma wakati wa kuwaka. Palipo na intaneti muda unarekebishwa ndani ya dakika, ndiyo maana mjini na kituo cha kati hapakuwa na tatizo. Kituo cha juu hakina intaneti. Kisanduku kilizimwa Januari msimu ulipoisha, kikawashwa Julai, kikaendelea pale kilipoishia kana kwamba ni asubuhi iliyofuata.

Kuna jambo la pili lililofanya hali iwe ngumu kuisoma. Kituo cha juu kinatumia umeme wa jua na kisanduku kinawashwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Saa nane kati ya ishirini na nne. Kwa hiyo saa yake haikuwa nyuma tu, ilikuwa pia inatembea kwa theluthi ya mwendo: siku tatu za kazi zikihesabiwa kama siku moja. Wiki nzima ya mapokezi ilionekana kama siku mbili za Januari, na kwa sababu hiyo kiambishi cha furushi kilibadilika kila wiki, `.fr0`, `.su0`, `.tu0`, kiasi kwamba ungedhani upande huo uko salama dhidi ya mgongano wa majina. Ulikuwa salama kwa bahati, kutokana na kosa lingine.

Karani aliiona tarehe ya Januari kwenye simu. Aliichukulia kama kasoro ya maandishi tu, na ni rahisi kumwelewa: ubao wake ulifanya kazi. Synchronet hufuatilia ujumbe mpya kwa namba, siyo kwa tarehe, kwa hiyo kusoma na kujibu hakukuathirika hata kidogo. Tarehe inatumika mahali pachache tu, na hapo ndipo inapouma: kukataa kwa umri, kufuta kwa umri, na kwenye programu nyingi, kutengeneza namba ya MSGID, kitambulisho cha kila ujumbe. Hii ya mwisho ichukuliwe kwa uzito na wanaotumia programu nyingine. Namba hiyo ya tarakimu nane za heksadesimali haitakiwi kujirudia kwa mtumaji mmoja ndani ya miaka mitatu, na programu inayoichukua moja kwa moja kwenye saa inaweza kuirudia saa ikirudi nyuma, ujumbe halali ukatupwa kama marudio. Synchronet hutanguliza namba ya ujumbe na jina la eneo, ndiyo maana haikuangukia shimo hilo hapa.

Sasa tiba, na mpangilio wake. Jambo la kwanza linalomjia fundi ni kurekebisha saa. Usianze na saa.

Maeneo ya ubao wa kituo cha juu yalikuwa yamewekewa kufutwa kwa umri, siku 90. Jumbe za wiki tatu zilikuwa zimehifadhiwa zikiwa na tarehe ya Januari, ya kuandikwa na ya kuingizwa. Maadamu kisanduku kinaamini ni Januari, jumbe hizo ni changa. Dakika utakayoweka tarehe ya kweli, zote zinakuwa na umri wa zaidi ya miezi mitano, na matengenezo ya kawaida ya ubao yakipita, zinafutwa. Wakati huo hakuna nakala mjini, kwa sababu mjini zilikataliwa. Ungekuwa umeponya saa na kuua kumbukumbu ya msimu kwa amri moja.

Kwa hiyo kwanza Synchronet ilisimamishwa, `systemctl stop sbbs`, na folda ya `/sbbs/data/subs` pamoja na `/sbbs/ctrl` zikafungwa kwa `tar` na kuwekwa kwenye flashi nyingine ambayo haikurudi kazini. Kila eneo lina mafaili kadhaa yanayokwenda pamoja, `.shd` ya vichwa, `.sid` ya faharasa, `.sdt` ya maandishi na mengine. Ukinakili baadhi tu umepata takataka, na ukinakili huku seva inaandika unaweza kupata hali hiyo hiyo. Kisha ndani ya SCFG, programu ya mipangilio ya Synchronet, kikomo cha kufuta kwa umri kikawekwa sifuri kwenye maeneo yote, pande zote mbili. Mjini kikomo cha kukataa kwa umri kikapandishwa kwa muda kutoka siku 60 hadi 365. Hapo tu ndipo saa iliguswa.

Saa iliyoongezwa ni moduli ya DS3231, yenye betri yake, inayopatikana kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki. Usahihi wake ni sehemu 2 kwa milioni kwenye joto la kati ya nyuzi 0 na 40, yaani kama dakika moja kwa mwaka. Waya ni nne: VCC (umeme) kwenye pini 1, SDA (data) pini 3, SCL (mapigo) pini 5, GND (ardhi) pini 6. VCC iende kwenye volti 3.3, siyo 5. Sababu ziko mbili. Moduli inavuta mistari ya data juu hadi kwenye volti ya VCC, na pini za Raspberry Pi hazivumilii 5. Halafu bodi nyingi za bei nafuu zina njia ya kuchaji betri kupitia diodi na kizuizi cha ohmu 200. Ukiilisha volti 5, betri ya CR2032, ambayo haichajiki, inasukumiwa umeme hadi kuvimba. Kwenye 3.3 njia hiyo haifiki volti ya betri, kwa hiyo inakaa kimya.

Kwenye `config.txt` unaongezwa mstari `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`; faili hilo liko `/boot/firmware` kwa matoleo mapya na `/boot` kwa ya zamani. Ukikagua kwa `i2cdetect -y 1` kabla ya mstari huo kufanya kazi unaona `68`. Baada ya kuwasha upya panaonekana `UU`, yaani kiini cha mfumo kimeishika saa. Ukiendelea kuona 68, mstari haujasomwa. Usipoona chochote, ni waya, na mara nyingi SDA na SCL zimebadilishana. Kisha `fake-hwclock` inaondolewa kabisa, kwa sababu ikibaki inaweza kuurudisha muda wa zamani wakati wa kuwaka. Kwenye `/lib/udev/hwclock-set` mistari mitatu inayosimamisha hati hiyo pale systemd, mwendeshaji wa huduma za Linux, inapokuwepo inawekewa alama ya `#`. Muda ukawekwa kwa mkono kutoka kwenye simu, ukaandikwa kwa `hwclock -w`, kisanduku kikazimwa na kuachwa bila umeme usiku mzima, na asubuhi `hwclock -r` ikasomwa. Kipimo cha dakika tano hakithibitishi kitu. Bila betri kabisa, tofauti ya dakika tano ni rahisi kuipita bila kuiona.

Kisha likaongezwa zuio ambalo kwa maoni yetu ni muhimu kuliko moduli yenyewe. Kwenye faili la huduma ya `sbbs` uliwekwa mstari `ExecStartPre=+/sbin/hwclock -r`. DS3231 huinua alama ndani yake ikiwa imewahi kusimama kwa kukosa umeme, lakini si kila toleo la Linux linakataa kusoma muda likiiona alama hiyo. Amri ikishindwa kusoma saa, Synchronet haiwaki. Karani anaona ubao haupo na anapiga simu akishuka mahali penye mtandao. Ubao uliozima unaleta malalamiko siku hiyo hiyo; ubao unaowaka na tarehe ya uongo ulikaa wiki tatu.

Kurudisha jumbe kulikuwa rahisi baada ya hapo. SBBSecho ina chaguo la kutoa upya ujumbe wote wa maeneo bila kujali kilichokwisha kutumwa, na linaonekana kwenye orodha ya maelezo ya amri yenyewe. Mafurushi yalifungwa, yakateremka, yakaingizwa. Jumbe za msimu uliopita zilizokuwa tayari mjini zilizuiwa na ukaguzi wa marudio. Zilizokataliwa kwa umri hazikuwa na alama yoyote kwa sababu hazikuwahi kuingia, zikapita. Baadaye kikomo mjini kilirudishwa siku 60.

Palibaki suala la tarehe. Jumbe za mapokezi zilifika mjini zikisema Januari, na lilitolewa pendekezo la kuzibadilisha kwenye vichwa. Tunapinga kabisa. Ubao wa mapokezi ni ushahidi wa kilo za mkulima, na ushahidi ulioguswa hauwezi kutetewa kwenye mkutano mkuu. Kilichofanyika ni karani kuandika ujumbe mmoja kwa kila siku ya mapokezi, akitaja namba ya kwanza na ya mwisho ya stakabadhi, tarehe ya kweli iliyo kwenye kitabu, na namba ya ujumbe wa zamani unaohusika. Katibu alipitia kitabu na ubao sambamba kabla ya mtu yeyote kulipwa.

Utaratibu wa kila Alhamisi sasa una karatasi ndogo inayofungwa kwenye flashi: namba ya folda, tarehe kwa mkono, idadi ya jumbe. Mpokeaji anaendesha `pktdump` kabla ya kuingiza, analinganisha tarehe na idadi, kisha anaangalia mistari ya mwisho ya logi baada ya kuingiza. Msimu ukifungwa, betri inapimwa kwa mita: moduli inafanya kazi hadi volti 2.3, lakini ikisoma chini ya 2.7 inabadilishwa kisanduku kikiwa kimewashwa, ili saa isisimame wakati betri imetoka.